Msikubali kuzungushwa uwanjani

Wanangu mnaoshindana kwa baiskeli mkiwa na mkono mmoja, mguu mmoja, au macho yasiyoona,

Nawaandikia nikiwa na hasira, na ni vizuri mjue hivyo mapema. Juzijuzi, kwenye mashindano fulani huku Kanda ya Ziwa, wenzenu waliitwa mbele ya jukwaa kuu, wakatangazwa kuwa "mashujaa wetu", wakaambiwa wazunguke uwanja mara mbili huku mgeni rasmi akipiga makofi. Kisha wakagawiwa fulana, wakapigwa picha, wakaombwa wakae pembeni ili mbio zenyewe zianze. Mmoja wao, kijana wa mkono mmoja, nimeshamwona akipanda mlima na gunia la mkaa nyuma bila kushuka kwenye tandiko. Aliporudi kukaa alikuwa anatabasamu. Tabasamu lile limeniuma kuliko maneno yote ya mshereheshaji.

Nani aliwaambia kwamba kushangiliwa ni sawa na kushindana? Anayekuonea huruma hana haja ya kujua umetumia dakika ngapi. Hakupimi. Akishamaliza kupiga makofi amemalizana na wewe, na mwakani atakuita tena uzunguke vilevile.

Hebu niwaambie habari za Mwingereza Sarah Storey. Amezaliwa mwaka 1977, na kiganja chake cha kushoto hakikukua. Alianza kwa kuogelea, akachukua dhahabu kwenye Paralimpiki, yaani Olimpiki ya wenye ulemavu, Barcelona 1992 akiwa na miaka 14. Mwaka 2005 maambukizi ya sikio yakamweka nje ya maji, akapanda baiskeli ili mwili usilale. Beijing 2008 akapata dhahabu mbili, London nne, Rio tatu, Tokyo tatu, Paris 2024 mbili. Pamoja na zile za kuogelea ni dhahabu 19 za Paralimpiki, na Uingereza haijapata mwingine wa kumfikia.

Medali hizo wekeni kando kidogo. Februari 2015, London, alijaribu rekodi ya dunia ya saa moja, yaani kwenda mbali kuliko wote ndani ya saa moja, ileile ya wanawake wasio na ulemavu. Alikwenda kilomita 45.502. Rekodi ya Leontien van Moorsel wa Uholanzi ilikuwa kilomita 46.065. Akaikosa kwa mita 563, ikaandikwa kwamba ameikosa. Kanuni haikumwongezea hata mita moja kwa ajili ya mkono. Wanangu, hiyo ndiyo heshima ninayowatakia: saa iwashwe, mwendo upimwe, na mkishindwa iandikwe kuwa mmeshindwa.

Na Paris je? Mbio za kupambana na saa zilipangwa kilomita 14.1. Alishinda, kisha akasema hadharani kwamba njia ile ilikuwa fupi mno kwa mashindano ya ngazi hiyo. Mtu ana dhahabu shingoni na bado anadai kilomita zaidi! Ninyi mnapewa mizunguko miwili ya uwanja mnasema ahsante. Siku chache baadaye, kwenye mbio za barabarani, akiwa na miaka 46, alimshinda katika mita za mwisho Mfaransa Heïdi Gaugain mwenye miaka 19. Miguu peke yake haikutosha pale. Alijua akae nyuma ya nani upepo usimchoshe, na atoke saa ngapi. Ujuzi huo haupatikani uwanjani. Unapatikana ndani ya kundi, barabarani, mwaka baada ya mwaka, kwa kuachwa nyuma na kurudi tena.

Mengine nayataja tu. Jifunzeni madaraja ya mashindano: C1 hadi C5 ni ya baiskeli za kawaida, na namba ikiwa ndogo ulemavu ni mzito zaidi; H ni za kuendeshwa kwa mikono; T ni za magurudumu matatu; B ni ya wasioona, wanaopanda baiskeli ya watu wawili na mwenzao anayeona mbele. Wekeni vizuri vyeti vya daktari. Mwenye mkono mmoja, breki zote mbili zifungwe upande wa mkono mzima; msithubutu mteremko kwa breki moja. Wasioona, kaeni na rubani mmoja, huyo anayekaa mbele, muda mrefu, na zawadi mgawane sawa.

Nanyi waandaaji na viongozi, msijifiche nyuma ya neno bajeti. Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa barabarani ulifika Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali. Nilifurahi sana. Lakini mwaka mmoja kabla, Zürich, Uswisi, wenye ulemavu na wasio nao walishindana katika mashindano mamoja; zamu ya Afrika ilipofika, wenye ulemavu walikuwa wameshamaliza ya kwao Ronse, Ubelgiji, mwezi Agosti. Watoto wetu wangewaona wapi?

Wapo hapa jirani wa kuwaonyesha. Douglas Sidialo wa Kenya alipofuka katika mlipuko wa bomu Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998. Mwaka 2005 aliendesha baiskeli ya watu wawili kutoka Cairo hadi Cape Town. Wazazi mnaomficha mtoto ndani kwa kuogopa asianguke, tafadhali mwacheni aanguke. Goti litapona. Mnunulieni kofia ngumu, mwende naye asubuhi magari yakiwa machache.

Wanangu, fomu za mwakani zikitoka, kabla ya kuandika jina ulizeni mambo matatu: umbali ni kilomita ngapi, nani anashika saa, na zawadi ya mshindi wenu ni kiasi gani ukilinganisha na ya wengine. Wakijibu kwamba mtazunguka tu uwanja, rudisheni fomu, muombe ile ya mbio za wote. Mkikataliwa, njooni mniambie. Nitakwenda nanyi ofisini kwao.

Mzee wenu,
Shinyanga