Pikipiki "ya majaribio" ya Cheyo, ulizeni namba kwanza

Mhariri, habari za kazi. Naomba kanafasi kwenye barua za wasomaji maana kuna jambo hapa Tabora mjini linanikera na naona vijana wataliwa hela zao.

Mwezi uliopita dalali mmoja kanipigia, eti braza kuna Honda CB750 pale Cheyo, siyo ya kawaida, ni zile za majaribio zilizotengenezwa kabla kiwanda hakijaanza kuzitoa rasmi, mwenye mali anataka milioni 18 tu. Tu! Mimi hizi za zamani ndo ugonjwa wangu, nikambeba fundi wangu tukaenda. Tumeikuta chini ya mwembe imefunikwa turubai, silinda nne, ekzosi nne, aisee moyo unadunda, na hadithi ikaanza hapohapo kwamba iliachwa na padri mzungu. Padri gani wa kwenda seminari ya Kipalapala na pikipiki yenye nguvu za farasi 67 mimi sijui.

Sasa Honda waliionyesha CB750 Tokyo mwaka 1968, na kabla ya kuanza kuuza Marekani 1969 walitengeneza nne za kupeleka huko mawakala wazione. Nne, mhariri. Mojawapo ilipigwa mnada Uingereza 2018 ikapita pauni 160,000, halafu wewe uuziwe mwenzake kwa milioni 18 chini ya mwembe? Hata zile elfu saba na mia nne hivi za mwanzo, ambazo wapenzi wake wanaziita za mchanga kwa vile ngozi ya injini inakwaruza kama imemiminwa kwenye mchanga, watu wanazigombania.

Fundi hakubishana na mtu. Kachovya tambara kwenye petroli akafuta grisi pale shingoni kwenye usukani ilipo namba ya chesisi, tukaona chuma kimelika kuzunguka namba, mistari ya msasa hii hapa, na tarakimu zimepanda na kushuka kama meno ya mtoto. Akahamia kwenye injini, CB750E halafu namba inaanza na 2. Za 1969 zinaanza na 1, ya kwanza kabisa ni 1000001, hiyo ya 2 ni toleo la 1972. Kabureta ndo zikamaliza kesi: za mwanzo waya wa mafuta unatoka mmoja unagawanyika nne, kila kabureta na wake, hii ina waya mbili na mkono mmoja unaozivuta zote pamoja. Nikaomba kadi nilinganishe namba, dalali akasema iko Nzega kwa shangazi.

Siyo kwamba pikipiki ni mbaya jamani. CB750 ya 1972 ikiwa nzima ni mali, angesema ukweli tungeongea bei, ila chesisi iliyochezewa namba sigusi, siku ukikamatwa nayo ni wewe na polisi, dalali humwoni.

Na nyie wa magazeti mkiletewa picha ya chuma cha zamani na maneno ya "ziko chache duniani" ombeni na picha ya namba, ya shingoni na ya injini, kabla hazijapakwa rangi.

Juzi nimepita Isevya nimeikuta imehamishiwa huko, shingo imepigwa rangi mpya nyeusi, na bei sasa ni milioni 22.

Mpenda vyuma,
Tabora