Barua kwa shoga yangu, kuhusu Hazel Wightman

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi sana, huku sote wazima, mtoto anaendeleaje na meno? Ile meseji yako kwamba tenisi ndo basi tena kwa vile umeshakuwa mama imenikaa sana kichwani, hebu ngoja nikusimulie habari za Hazel Wightman, yule mcheza tenisi wa Marekani wa zamani.

Alizaliwa California 1886, ukoo wa Hotchkiss, utotoni alikuwa mdhaifu mpaka daktari akashauri acheze michezo. Uwanja wao wa nyumbani ulikuwa wa changarawe, mpira ukidunda unaenda ovyo, basi akazoea kuupiga hewani kabla haujagusa chini, na wanawake wa enzi zile wengi walikuwa wanakaa nyuma kule na magauni yao marefu, yeye mfupi kama futi 5 tu lakini anaukimbilia wavu! Mwaka 1909 akaenda mashindano ya taifa Philadelphia akabeba mataji yote matatu, la mmoja mmoja, la wawili wawili na la mchanganyiko, yaani mwanamke na mwanaume upande mmoja. 1910 hivyo hivyo. 1911 tena hivyo hivyo jamani. Na mechi yake na mpinzani wake May Sutton mwaka huo 1911 ndo naipenda kuliko zote, seti ya kwanza kachapwa 6-0, ya pili yuko nyuma 5-1, mwingine si angeshakata tamaa, yeye akaigeuza ikawa 7-5 halafu ya mwisho akashinda 6-0.

1912 akaolewa akahamia Boston, wakaja watoto. 1915 akajaribu tena, fainali akafungwa na Molla Bjurstedt wa Norway. Lakini 1919, ana miaka 32 na watoto nyumbani, taji la taifa akalichukua bila kupoteza hata seti moja! Alipofika 37 akaenda Olimpiki ya Paris 1924, akaondoka na dhahabu mbili, moja akiwa na Helen Wills ambaye alikuwa binti wa miaka 18 tu.

Ila kinachonigusa zaidi ni kwamba hakujifungia na makombe yake, alifundisha mabinti miaka na miaka bila kuwadai hela, na waliotoka mbali wakaja kwenye mashindano aliwalaza nyumbani kwake. Mimi nakuona wewe hapo kabisa, unavyojua kuelekeza watoto.

Shemeji mwambie Jumamosi abaki na mtoto, nakuja asubuhi na mapema, tunaenda uwanjani.

Wako akupendaye.