Ile pete ya nyatiti sio kelele

Mhariri,

Nimesoma hapa kwenu juzi habari ya studio za Nairobi, mwandishi wenu ametaja zile za wasanii wa sasa tu, sawa hata wao wanafanya kazi, lakini Ketebul Music, studio inayorekodi mziki wa asili, ameirukaje jamani?

Ketebul ilianzishwa na Tabu Osusa 2007 pale kituo cha sanaa cha GoDown, Dunga Road, Industrial Area, kwenye magodauni na malori. Jina ni la Kijaluo, vijiti vya kupigia ngoma. Hawa walienda kwa wazee kuuliza benga, ule mziki wa gitaa wa Wajaluo, ilitoka wapi, wakarekodi mahojiano, wakakusanya nyimbo za zamani, halafu mziki wa Wakikuyu nao wakaufuatilia hivyo hivyo. Msanii Suzanna Owiyo amepitia hapo, Makadem pia, Olith Ratego pia.

Mimi hii kitu inanigusa kwa sababu ya babu yangu. Alikuwa anapiga nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo, na wanaoijua wanajua mpigaji anavaa pete ya chuma kwa kidole gumba cha mguu, anagonga nayo ule mti wa chini, ko ko ko, huku mikono iko kwa zile nyuzi nane. Sasa siku moja akapanda basi usiku kucha mpaka Nairobi kurekodi kwa studio fulani ya mjini, kufika wakamwambia avue pete eti inaleta kelele kwa maiki. Akavua. Wakamlipa mara moja ikaisha, na mpaka anakufa alikuwa anasema ule wimbo sio wake, mguu wake haumo.

Ndio maana nawapenda hawa watu wa Ketebul. Tangu 2011 wako na mradi unaitwa Singing Wells, wanafanya na Abubilla Music ya Uingereza, na hapo sio mzee anayepanda basi, ni studio inapanda gari, wanabeba maiki na waya na kamera mpaka kijijini, mtu anarekodiwa akiwa kwao na watu wake wanaitikia. Wamefika mpaka Uganda na Rwanda.

Naomba mwandishi wenu aende akae nao hata siku moja. Na redio zetu zipige hizo rekodi mchana watu wakiwa macho, sio saa tisa usiku.

Pete ya babu bado tuko nayo nyumbani, mtoto wa dada yangu ameanza kujifunza nayo, inamlegea kidogo tumeifunga uzi.

Msomaji wenu,
Siaya