Barua kwa Salma: duka la mgeni mtaani

Rafiki yangu Salma,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Umeuliza kama kumwachia mgeni achume riziki ndiko kunakoleta fujo. Tazama Afrika Kusini, utaona mambo yalivyo.

Mei 2008 ghasia zilianzia Alexandra, Johannesburg, zikafika Durban na Cape Town. Waliuawa watu 62, na 21 kati yao walikuwa raia wa nchi hiyohiyo. Lawama zikaelekezwa kwenye umaskini. Lakini mitaa mingi maskini, iliyojaa wageni vilevile, ilikaa kimya. Palipowaka, mara nyingi palikuwa na wakubwa wa mtaa waliotafuta madaraka: waliitisha mikutano, wakachochea vijana.

Sasa chukua duka la mtaani, wenyewe huliita spaza. Msomali au Mwethiopia hukodi chumba au gereji ya mwenyeji, kwa hiyo kodi ya kila mwezi hubaki mikononi mwa wenyeji wa mtaa uleule. Wageni kadhaa wenye maduka huchanga fedha, wakanunua mzigo kwa jumla na kugawana nauli ya gari. Hufungua alfajiri hadi usiku. Sukari hupimwa kwenye vifuko vidogo, pampasi huuzwa mojamoja, na mteja wanayemwamini hukopeshwa hadi mwisho wa mwezi. Anayeumia ni mwenyeji mwenye duka jirani, anayekwenda sokoni peke yake. Kilio chake ni cha kweli kabisa, na dawa yake ni kuingizwa kwenye manunuzi ya pamoja.

Limpopo, jimbo la kaskazini mwa nchi hiyo, mwaka 2012 walichagua kufunga: polisi walifunga maduka zaidi ya 600 ya wageni. Mwenye nyumba akakosa kodi, jirani akarudi kununua mbali. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikaamua kuwa wakimbizi na waomba hifadhi wana haki ya kuomba leseni za biashara hizo.

Ukifika mtaani, anza na kibali cha mgeni cha kukaa nchini. Kikiisha muda, benki humkatalia, fedha hulala dukani, na majambazi wanajua. Akiibiwa haendi polisi, anaogopa kukamatwa yeye. Wezi wasiposhtakiwa, mtaa mzima unajifunza kwamba duka lile halina mwenyewe. Kwa hiyo hesabu kesi za wizi zilizofika mahakamani kabla hujahesabu wasio na ajira.

Niandikie ukishazipata.

Wako,
Hamisi