Risala ya Wanafunzi wa Ushonaji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Chuo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakukaribisha kwa furaha. Koti jekundu lililo mbele yako ndilo kazi yetu ya mwaka huu: mfano wa koti la sherehe la mwanabendi wa askari wa miguu wa Uingereza, kabla ya vita vya 1914.

Mheshimiwa, tunaomba usogee uone mabega. Vile vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mwandamo, vikazungushiwa utepe, huitwa mabawa. Havikingi mvua wala risasi. Kazi yake ni kumtambulisha mpiga muziki kwa mbali. Vilitutoa jasho kuliko koti zima, maana bila kitambaa kigumu ndani hulala, na bawa lililolala ni aibu ya fundi.

Ukosi na miisho ya mikono vina habari yake. Kwa utaratibu wa 1881, vikosi vya kifalme vilitumia bluu, vya England na Wales nyeupe, vya Scotland njano na vya Ireland kijani. Sisi tumeshona kijani. Nyeupe ingeshachafuka kabla hujafika. Mpiga ngoma kubwa aliongeza ngozi ya chui kifuani, ngoma isimchakazie koti. Chui huyo, bila shaka, hakuzaliwa Uingereza.

Askari wa kawaida walipewa kaki mwaka 1902, wakabaki na nyekundu kwa gwaride na sherehe. Vita vilipoanza, nyekundu iliwekwa kando, na wanabendi wengi waliacha tarumbeta wakabeba machela za majeruhi. Baada ya vita, vikosi vingi havikurudishiwa nyekundu, lakini bendi zake ziliruhusiwa kuivaa. Ndiyo maana leo picha ya askari mwekundu wa Uingereza mara nyingi ni picha ya mpiga muziki.

Mheshimiwa, changamoto zetu ni mbili. Sufu nzito haipatikani madukani, tukashonea blanketi tulilolitia rangi. Ukiligusa litakuachia wekundu kidogo mkononi, utuwie radhi. Pili, utepe wote tumeshona kwa mkono. Tunaomba utusaidie kupata cherehani moja ya kudarizi, na usafiri wa kwenda makumbusho tukaone sare za zamani zenyewe, kwani hili tumelishona kwa kutazama picha.

Tunaomba kuwasilisha.