Ndoa za jinsia moja New York: mchungaji halazimishwi, karani ndiye anayelazimika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nimjibu, kwa heshima, msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba huku Marekani wanaume wawili au wanawake wawili wakitaka kuoana huchagua kanisa lolote walipendalo, na mchungaji akiwakatalia huishia jela. Mimi ni mpishi wa shughuli. Ninaishi Rochester, jimbo la New York, na kuanzia Mei hadi Oktoba kazi yangu kubwa ni kulisha wageni wa harusi katika mashamba ya zabibu na mabanda ya kale yaliyo kando ya Finger Lakes, maziwa kumi na moja marefu na membamba yanayoanzia kusini ya mji wetu na kuelekea mashariki. Baadhi ya harusi hizo ni za watu wa jinsia moja. Siandiki ili kumgeuza mtu imani yake, wala sheria za nyumbani Tanzania, ambazo kila msomaji anazijua, si hoja yangu leo. Ninachotaka kusema ni kwamba sheria ya huku imemfunga mtu mwingine kabisa, siye mchungaji, na kwamba ukishatoka katika ofisi ya serikali, harusi ya namna hii vijijini bado hupangwa kwa kubisha hodi mlango mmoja baada ya mwingine.

Kwanza, jambo hili halikuzuka kwa siku moja. Ng'ambo ya Ziwa Ontario, katika jimbo la Ontario upande wa Kanada, ndoa hizi ziliruhusiwa Juni 2003, na watu wa huku wakawa wanavuka mpaka kwenda kuoana, kisha wanarejea na cheti ambacho hapakuwa na mtu wa kuwaambia kwa hakika kina uzito gani. Mwaka 2004 meya wa Ithaca, mji ulio katika ncha ya kusini ya Ziwa Cayuga, alikubali maombi ya leseni ya ndoa ya wapenzi wa jinsia moja yapokelewe na kupelekwa Idara ya Afya ya jimbo. Kesi iliyotokana na hatua hiyo ilifika Mahakama ya Rufani ya New York, iliyo ya juu kabisa jimboni, ambayo Julai 2006 iliamua kwamba katiba ya jimbo haiwapi haki ya kuoana na kwamba wenye kuamua ni wabunge. Februari 2008 mahakama nyingine ya rufani, ya ngazi ya chini yake na iliyo hapahapa Rochester, iliamua katika shauri la mfanyakazi wa chuo kimoja cha umma kwamba ndoa iliyofungwa Ontario lazima itambuliwe New York. Kwa hiyo kwa miaka mitatu tulikuwa na hali ya ajabu, kwamba mwanamke aliweza kuwa mke halali wa mwanamke mwenzake mjini Rochester, mradi tu harusi yenyewe isiwe imefanyika Rochester.

Sheria ya kuruhusu ndoa hizi New York ilipitishwa Juni 24, 2011, kwa kura 33 dhidi ya 29 katika Seneti ya jimbo, na Gavana Andrew Cuomo akaitia saini usiku uleule. Idadi ilitimizwa na maseneta wanne wa chama cha Republican, wawili kati yao, James Alesi na Mark Grisanti, wakitoka upande wetu wa magharibi ya jimbo; kufikia mwanzoni mwa 2015 hapakuwa na hata mmoja wa wale wanne aliyebaki katika kiti chake. Nalitaja hili kwa sababu msomaji wetu aliandika kana kwamba Wamarekani wote waliamka asubuhi moja wakiwa na nia moja.

Sasa nije kwa huyo anayelazimika. Anayetaka kuoa au kuolewa katika jimbo hili, awe nani, mlango wake wa kwanza ni karani wa mji. Wahusika wawili hufika wenyewe, hutoa vitambulisho, hulipa dola 40 ikiwa ni nje ya Jiji la New York, na kupewa leseni ambayo haitumiki mpaka zipite saa 24, nayo hufa baada ya siku 60. Baada ya hapo anahitajika mfungisha ndoa na shahidi, na mfungisha ndoa anatakiwa airudishe leseni kwa karani ndani ya siku tano. Bila karani hapana ndoa, hata kama ng'ombe wameshachinjwa.

Ledyard ni mji mdogo wa mashamba katika ukingo wa mashariki wa Ziwa Cayuga. Karani wake, Rose Marie Belforti, ambaye kama makarani wengi wa miji midogo alikuwa amechaguliwa kwa kura, alisema sheria ilipoanza kwamba imani yake haimruhusu kutia saini leseni za wapenzi wa jinsia moja, akapanga naibu ndiye azishughulikie, kwa miadi. Wanawake wawili waliofika ofisini kwake Agosti 2011 wakaambiwa warudi siku nyingine. Mabishano yalienea nchi nzima, na Novemba ya mwaka huohuo wapiga kura wa Ledyard wakamrudisha Belforti katika nafasi yake. Mpango ule wa naibu wako wanaouona kuwa wa busara, kwa kuwa mwenye imani hakuvunjiwa imani yake na wenye kutaka leseni hawakunyimwa. Tena ni kweli kwamba leseni ya karani yeyote wa jimbo hutumika popote jimboni, na Ithaca haiko mbali. Mimi naona una kasoro ambayo mtu aliyezoea ofisi za mjini haioni upesi. Ofisi ya karani kijijini hufunguliwa saa chache, naibu ni mtu wa kuitwa kutoka kwake, na zile saa 24 hazianzi kuhesabiwa mpaka leseni itolewe, ilhali wageni wamekwisha kukata tiketi za ndege na turubai limekwisha kulipiwa.  Na wenye haki ya leseni wanaambiwa njooni siku nyingine. Muhuri wa umma si mali ya anayeushika. Karani wa Barker, karibu na Binghamton, yeye alijiuzulu siku chache kabla ya sheria kuanza kutumika, na ingawa sikubaliani na sababu yake, naona alitenda kwa unyofu zaidi.

Kuhusu mchungaji jibu ni fupi. Sheria ileile ya 2011 inasema kwamba kiongozi wa dini hawezi kulazimishwa kufungisha ndoa, na kwamba taasisi ya dini inaweza kukataa kutoa majengo yake kwa sherehe ya ndoa hizi bila kushitakiwa. Kanisa Katoliki halizifungishi, na hakuna padri aliyetiwa ndani kwa ajili hiyo. Baadhi ya makanisa, kama Episcopal na United Church of Christ, hufungisha kwa hiari yao. Zaidi ya hayo, tangu Machi 2023 hata rafiki wa maharusi aliyetimiza miaka 18 anaweza kulipa dola 25 kwa karani na kupewa kibali cha kufungisha ndoa kwa siku moja. Harusi nyingi za kando ya ziwa ninazopikia hufungishwa na rafiki wa namna hiyo, akiwa na karatasi mkononi inayopeperushwa na upepo, na sijamwona bado mtu aliyemtamani mchungaji asiyemtaka.

Suala gumu zaidi, ambalo msomaji wetu hakuligusa, ni la wafanyabiashara. Watu hudhani wenye mabanda ya harusi walibanwa na sheria ya 2011. Sivyo. Jimbo lilikuwa limekwisha kupiga marufuku kumnyima mtu huduma kwa sababu ya mwelekeo wake wa kimapenzi kwa sheria ya Desemba 2002, iliyoanza kutumika Januari 2003, yaani miaka minane kabla ya ndoa zenyewe. Mwaka 2012 wenye shamba moja la Schaghticoke, kaskazini ya Albany, waliwakatalia kwa simu wanawake wawili waliotaka kufungia ndoa pale. Faini na fidia zikafika dola 13,000, na Januari 2016 mahakama ya rufani ikaafiki. Wenye shamba walidai kwamba wanaishi palepale na kwamba ni nyumba yao. Mahakama ilitazama kwamba waliitangaza sehemu hiyo kwa umma na kupokea malipo ya wateja, hoja ambayo mimi kama mfanyabiashara naielewa vizuri, kwa kuwa aliyefungua duka hachagui mnunuzi. Mpaka wake hata hivyo bado haujatulia. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la mbunifu wa tovuti wa Colorado, ilisema kwamba jimbo haliwezi kumlazimisha mtu kutunga ujumbe unaopingana na imani yake, na mpiga picha mmoja wa Elmira, kusini ya Ziwa Seneca, alifungua kesi dhidi ya jimbo la New York mwaka 2021 kwa hoja inayofanana na hiyo. Sambusa zangu, nijuavyo, hazijahesabiwa bado kuwa ujumbe.

Kwa sababu hiyo, maharusi wa jinsia moja wanaopanga harusi katika vijiji hivi hawaanzi kwa kuulizia bei. Wengi wanaonipigia simu husema katika sentensi ya kwanza kabisa kwamba wao ni wanawake wawili au wanaume wawili, kisha hunyamaza kidogo kusubiri nitasema nini. Sheria iko upande wao, lakini nani anataka kushinda kesi mwezi wa harusi yake? Wanachotaka ni mwenye banda atakayewapokea kwa uso mkunjufu, mwenye kuoka keki asiyewaandikia "bibi harusi na bwana harusi" kwa mazoea, na nyumba ya wageni ambayo shangazi wa miaka themanini hatatazamwa kwa jicho baya mapokezini. Eneo lenyewe halisaidii: vijiji vina vyumba vichache, teksi ni adimu, na yule mwenye banda ndiye pia binamu wa mwenye mabasi na jirani wa mpiga muziki, kwa hiyo habari ya kukubaliwa au kukataliwa hutangulia kabla hujafika.

Hayo mengine ya ziwa ni sawa kwa kila harusi. Mimi ni mtu wa Kigoma, na Ziwa Seneca, ambalo wenyeji wanajivunia kina chake cha mita 188, mbele ya Tanganyika yenye mita 1,470 huwa sina la kulisifia. Lakini upepo wake wa alasiri umewahi kunizimia majiko yote, na hauulizi maharusi ni akina nani.

Katika timu yangu wapo vijana wa Kongo na Burundi waliofika huku kama wakimbizi, na baadhi yao huuliza kabla ya kukubali zamu ni harusi ya nani. Anayesema moyo wake haumruhusu hupewa siku nyingine, mradi aseme kabla ratiba haijatoka. Anayekubali huvaa aproni na kuhudumia meza zote kwa adabu ileile, pamoja na meza ya mbele, ambako mara nyingine viti vya wazazi wa upande mmoja huwa vitupu. Viti hivyo hakuna karani wala hakimu awezaye kuvijaza, na katika mipango yote ya harusi hizi sijaona inayochukua usiku mwingi kuliko hiyo: nani atapelekewa kadi, nani ataambiwa kwa simu, na mjomba yupi atumwe kwa baba anayekaa kimya. Wasomaji waliowahi kukaa katika kamati ya harusi watayaelewa hayo bila mimi kuyafafanua.

Ndugu Mhariri, nakuomba basi, ukiona inafaa, uweke sahihisho dogo katika toleo lijalo: katika jimbo la New York sheria ya ndoa ya 2011 inamwachia kiongozi wa dini uhuru wa kukataa kufungisha ndoa ya jinsia moja, na barua iliyotangulia ilikosea katika hilo. Mengine msomaji mwenzangu ana haki ya kuyaamini atakavyo.

Wako,
Mpishi wa shughuli,
Rochester, New York