YAH: Malalamiko kuhusu ngazi za bei katika duka lenu la programu

Kwa Idara ya Wasanidi Programu,

Mimi ni msanidi programu, naishi Uyole, Mbeya. Programu yangu iliyoko dukani kwenu inawasaidia wakulima na madalali wa viazi kuandika magunia yaliyotoka, nani kachukua kwa mkopo na nani bado anadaiwa. Watu hawa hununua vitu kidogo kidogo: kifurushi cha siku, umeme wa elfu moja. Nilitaka wanilipe shilingi 700 kwa wiki.

Duka lenu limekataa. Orodha ya ngazi, yaani bei mlizopanga tayari, inaanzia shilingi 2,500, kisha inaruka hadi 5,000, na hakuna mahali pa kuandika bei yangu mwenyewe. Nilipouliza, nikajibiwa nichague ngazi iliyo karibu. Karibu na nini? Hakuna mama wa Soko la Mwanjelwa atakayetoa 2,500 kila wiki wakati daftari la karatasi ni rahisi zaidi, tena halihitaji chaji. Matokeo yake programu naigawa bure na kuishi kwa matangazo, ambayo mengi ni ya kubeti. Wazee wa kanisani wameshaniuliza.

Najua ngazi zinawarahisishia hesabu za kodi na sarafu za nchi nyingi. Lakini Apple, ambao duka lao lilipofunguliwa mwaka 2008 bei ya chini ya programu ya kulipia ilikuwa senti 99 za dola, Desemba 2022 walitangaza ngazi 900 kuanzia senti 29. Google Play wanaweka kiwango cha chini na cha juu, katikati msanidi anajipangia. Hata EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, kwenye petroli hutangaza bei kikomo, na kituo kinaruhusiwa kuuza chini yake. Tena bei ya Mbeya huwa tofauti na ya Dar es Salaam kwa sababu ya usafiri. Programu yangu haipandi mlima Kitonga kwa lori.

Jambo jingine: shilingi iliposhuka, mlipandisha bei ya programu yangu ya pili bila kunijulisha. Lawama nilibeba mimi.

Naomba mruhusu msanidi aandike bei yake ndani ya mipaka mtakayoweka. Likishindikana hilo, ongezeni ngazi za 500, 700 na 1,000 kwa Tanzania, na mtoe taarifa kabla ya kubadilisha bei yoyote. Naomba nijibiwe na mtu mwenye mamlaka juu ya bei, nisitumiwe tena kiungo cha ukurasa wa maswali ambao nimeshausoma.

Wenu,
Msanidi programu, Uyole, Mbeya